Jina Upande wa Jasho

Mkanda wa saa wa Dar es Salaam hufa kwa jasho. Wa kwetu Njombe hufa kwa jiko.

Nimeshona mikanda ya saa zaidi ya miaka thelathini, kwanza Njombe mjini, kisha Makambako, na mkiniuliza adui wa ngozi katika nyanda hizi ni nani, sitataja mvua wala matope. Nitataja mkaa. Asubuhi ya Julai, nyasi zikiwa nyeupe kwa sakitu, mtu anachuchumaa mbele ya jiko na kunyoosha mikono yote miwili juu ya makaa, saa ikiwa palepale mkononi. Anaota moto, na ngozi nayo inaota moto. Yeye anapata joto, ngozi inapoteza mafuta yake yote. Baada ya miezi miwili ananijia na mkanda uliopasuka upande wa ndani kama kisigino cha mkulima, ananiambia nilimuuzia mkanda mbovu. Vua saa kwanza, ndipo uote moto. Mkisahau yote nitakayosema, hilo lishikeni.

Naanza na jiko kwa sababu nyinyi vijana mna swali moja mnalonijia nalo siku hizi, na wengi mnaliuliza mkiwa na jibu tayari mfukoni. Mnanionyesha kwenye simu mkanda wa kampuni yenye jina kubwa, mkanda mtupu bila saa, na bei yake inanunua kitanda na godoro lake. Mnauliza: mzee, hivi unastahili? Nitawajibu. Lakini jibu langu nililipata kwa njia ya aibu, na sina njia nyingine ya kuwafikisha.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Kaduma, fundi saa wa Njombe, mtu mfupi mwenye koti la sufu lisilovuliwa, ambaye alikuwa akimnusa mteja kabla ya kuinusa saa. Nilipofika kwake nilijua kutoboa tundu la mkanda kwa njia moja tu, ile ya vibandani: msumari wa moto. Unauchomeka kwenye makaa, ukiwa mwekundu unaupitisha kwenye ngozi, kazi imekwisha. Nilimtobolea mteja wangu wa kwanza, nikampelekea Mzee Kaduma aone. Akauinua mkanda, akaunusa.

"Umetoboa au umechoma mahindi?"

"Nimetoboa, mzee."

"Mimi nasikia mahindi."

Alinieleza kwamba tundu lililochomwa lina ukingo mkavu, na ukingo mkavu haupanuki, hukatika. Kisha akanifunga ule mkanda mkononi mwangu na kuniamuru niuvae mpaka ukatike. Ulikatika wiki ya tatu, nikiwa nimesimama foleni ya kununua mafuta ya taa, saa ikaangukia ndani ya ndoo ya mama mmoja. Tangu hapo sikurudia msumari. Nilitumia kijibomba cha chuma kilichonolewa mdomo, kinachokata duara la ngozi na kulitoa nje zima zima, dogo kama punje ya ulezi.

Na matundu yetu si matundu ya watu wengine. Mtu wa Njombe anatoka nyumbani alfajiri amevaa sweta, na saa anaifunga juu ya mkono wa sweta, asije akaufunua mkono kwenye baridi kila anapotaka kujua saa ngapi. Akifika Makambako saa sita mchana, jua limewaka, sweta amelivua, saa inamning'inia kama bangili ya bibi harusi. Ndiyo maana wateja wangu walikuwa wakiniambia, "Fundi, usisahau tundu la sweta." Maana yake tundu la ziada, mbali kidogo na mengine, kwa ajili ya asubuhi. Nimeona mikanda ya majina makubwa, matundu saba yamepangwa kwa uzuri unaotia wivu, na la sweta halimo. Waliotengeneza hawajawahi kungoja gari kijijini Yakobi mwezi wa saba.

Mzee Kaduma alinifundisha jambo jingine, na hili ndilo nililolijua tangu utotoni kabla hajanifundisha, na ndilo nililokuja kulisahau. Alisema ngozi ni za namna mbili. Kuna iliyokunywa dawa za kiwandani na kuna iliyokunywa magome. Iliyokunywa magome ina rangi ya asali, ikizeeka inapendeza, na harufu yake ni ya msitu. Kwa macho unaweza kukosea. Basi chukua msumari, uloweshe maji, uguse kipande unachotaka kukitupa, ungoje kidogo. Ikiwa ni ya magome, msumari utaacha doa jeusi.

"Ngozi ya magome inaandika," alisema. "Ukiikutanisha na chuma na maji, itaandika ulichofanya, na hutaweza kukifuta."

Mimi wa kuambiwa hivyo? Baba yangu alibandua magome ya miwati. Wazee wenu wanaijua kazi hiyo: unakata mti, unabandua gome, unafunga mizigo, gari la kiwanda linakuja kuchukua magome yakachemshwe, yatoe ile dawa ya kulainishia ngozi za dunia nzima. Jioni baba alirudi na viganja vyeusi kama sufuria, kwa sababu ya utomvu wa magome kukutana na panga. Alikuwa akitupaka weusi mashavuni tukikataa kwenda kuteka maji. Hakuna mtoto wa mbandua miwati asiyejua kwamba gome na chuma havikai pamoja.

Sasa nawaletea Bwana Sanga.

Bwana Sanga alikuwa na uwanja wa mbao Makambako. Mkinga. Sisi Wabena na Wakinga tuna maneno yetu ya kutaniana: sisi tunasema Mkinga akizaliwa hulia kwa bei ya jumla, wao wanasema Mbena akishajaza viazi ghalani hujihesabu amestaafu. Saa yake aliinunua nje ya nchi, alikokwenda kutazama mashine za kupasulia mbao. Ilikuwa saa nzuri, sitasema vinginevyo. Lakini yeye alichokipenda zaidi ni mkanda. Ulikuwa wa ngozi ya ndama, rangi ya chai ya rangi, na upande wa ndani, ule unaolala juu ya mkono, jina la kampuni liligandamizwa kwa herufi za dhahabu. Alikuwa akija kibandani kwangu bila shida yoyote, ananyoosha mkono juu ya meza yangu na kungoja nimsifie.

Mwezi wa Desemba akaja na shida. Utomvu wa misindano, miti anayoipasua mbao, ulikuwa umemdondokea mkandani, madoa manne yanayonata.

"Safisha tu," aliniambia. "Usitengeneze. Huu hautengenezwi, Fundi. Huu orijino."

"Nitausafisha."

"Na usinitobolee lile tundu lenu la kishamba."

Nilifuta utomvu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Ukatoka vizuri, ikabaki harufu. Bwana Sanga asingekubali kunuka kibatari, kwa hiyo nikaona niuloweshe kidogo kwenye maji ya mvua yenye sabuni. Chombo cha karibu kilikuwa kopo la maziwa ya unga lililokuwa likikinga maji ya paa, limeota kutu ndani mpaka lilikuwa na rangi ya barabara. Nikautumbukiza humo. Mke wangu, Mama Neema, akaniita kula. Nikaenda nikala, nikaongeza mboga, nikanywa na maji.

Niliporudi mkanda ulikuwa mweusi. Weusi wa chini ya sufuria. Nilisimama na ule mkanda unaodondosha maji, nikaviona viganja vya baba yangu.

Nilijaribu ndimu. Ndimu hupunguza doa la namna hiyo, ni kweli, jaribuni wenyewe. Lakini hupunguza pale inapotaka. Mpaka jioni mkanda ulikuwa na mabaka, mweusi hapa, wa kahawia pale, kama shingo ya kuku aliyekimbia kabla hajamalizwa kunyonyolewa.

Hapo nilitakiwa kufanya jambo moja jepesi: kwenda uwanja wa mbao na kusema. Sikwenda. Nilikaa, nikachukua wembe, nikaufumua mkanda wa Bwana Sanga uzi kwa uzi.

Na niwaambie, wanangu, nilijifunza. Nilikuwa na kazi ile miaka ishirini, na mkanda ule ulinifundisha kama mwaka mzima wa shule. Ngozi ilikuwa imepunguzwa unene kwa kisu kuelekea ncha, taratibu, hata usingejua ulipoanzia wembamba. Ncha za juu zilikatwa kwa tao linalofuata tumbo la saa, hakuna nafasi hata ya kupitisha unywele. Kingo zilipakwa rangi, zikasuguliwa, zikapakwa tena. Niliinama kwa heshima. Halafu nikafika katikati. Mle ndani, kati ya ngozi na ngozi, kulikuwa na kitambaa cheupe kigumu, kile kile washonaji wanachotia kwenye kola ya shati. Sikuona kosa lolote hapo, kitambaa hicho huzuia mkanda usirefuke. Lakini nilitegemea, sijui, kitu kingine. Nilitegemea siri.

Ngozi ya ndani ilikuwa nyingine kabisa, ile ya dawa za kiwandani, na haikuwa imeandika chochote. Ilitoka kwenye kopo ikiwa safi kama ilivyoingia, na jina la dhahabu likaendelea kung'aa.

Mmeshaelewa nilichofanya. Nilikuwa na kipande cha ngozi ya ndama alichoniachia Mzee Kaduma, iliyokunywa miwati yetu hii hii, nimeiviringisha kwenye shuka ikingoja kazi inayostahili. Nikaikata kwa kufuata ule ulioharibika. Nikaipunguza unene kama nilivyoona wenzangu wasiojulikana walivyofanya. Nikaishona juu ya ngozi ya ndani yenye jina, sindano mbili, uzi wa katani uliopakwa nta, Mama Neema akinishikia mwisho wa uzi na kuniuliza kwa nini sisemi. Bizimu na pini zilikuwa zake za awali. Rangi niliitafuta siku mbili, kwa mafuta na majani ya chai.

Bwana Sanga alikuja, akauvaa, akaugeuza mkono kwenye mwanga.

"Unaona?" alisema. "Umeuosha tu, umekuwa mpya kuliko ulipokuwa mpya. Orijino ni orijino."

"Kweli," nilisema.

Neno hilo moja, wanangu.

Masika yote akauvaa. Mvua, vumbi la mbao, utomvu, na jiko pia, maana nilimwona. Mkanda haukukunjamana. Nilipokutana naye nilikuwa nautazama kabla ya kumtazama yeye, na ninakiri kwamba aibu yangu ilikuwa imechanganyika na furaha, mpaka sikujua ipi inaishia wapi. Ile ilikuwa kazi yangu bora kuliko zote, na ilikuwa ikitembea Makambako nzima kwa jina la mtu mwingine.

Ikafika Julai. Jumatano asubuhi akaingia Mwalimu Mgaya wa Yakobi, mwalimu mstaafu, mwimbishaji wa kwaya, mtu aliyewafundisha hesabu nusu ya watu wazima wa Njombe. Alikuwa amefunga safari mpaka Makambako kwa ajili yangu.

"Kamwene, Fundi."

"Kamwene. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nina kitu hapa."

Akafungua leso. Ndani mlikuwa na saa nyembamba ya thamani, mkanda wake umekatika vipande viwili. Ilikuwa zawadi ya Edina, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ni daktari nje ya nchi. Alimtumia alipostaafu. Mkanda ulikatika shambani, saa ikalala siku mbili kwenye matuta ya viazi kabla haijaonekana.

"Edina anakuja Krismasi," Mwalimu alisema. "Miaka kumi na minne sijamwona. Akikuta zawadi yake nimeifunga kwa kamba, atasemaje?"

"Nitakushonea mzuri, Mwalimu."

Akatabasamu, kwa upole wa mtu anayetaka kukataa bila kuumiza. "Usinichukie, Fundi. Nimeuona mkono wa Bwana Sanga. Mvua zote zile, na mbao, na mkanda uko vile vile. Nimemuuliza siri ni nini, akaniambia orijino. Mpwa wake aliye Dar ataniagizia. Wewe nipimie upana tu, tusikosee."

"Mwalimu, mikanda hiyo ni ghali."

"Najua. Kuna mtamba wangu. Mnunuzi anakuja Jumamosi."

Nilimjua mtamba huyo. Yakobi yote ilimjua. Alimnunua kwa mafao yake akiwa bado ndama, akamlea miaka miwili na nusu, akamkatia majani kwa mkono wake na kumwimbia tenzi za kanisani.

"Si ana mimba?"

"Miezi mitano. Ndiyo maana bei yake nzuri."

"Mama anasemaje?"

"Mama hasemi," Mwalimu alijibu. "Tangu Jumatatu hasemi."

Nikaipima saa yake. Milimita kumi na nane kati ya sikio na sikio, pale saa inaposhika mkanda. Nikamwandikia kwenye karatasi, akaikunja, akaiweka mfuko wa ndani wa koti, akaniaga. Kazi yangu mwenyewe ndiyo iliyokuwa shahidi dhidi yangu. Nilipomwambia ningemshonea mzuri alikataa kwa sababu alikuwa ameuona ule niliomshonea Bwana Sanga.

Mchana nilimweleza Mama Neema. Alikuwa anamenya viazi, hakuacha kumenya.

"Kwa hiyo mtamba anauzwa," alisema, "ili ununuliwe mkanda mzuri kama ule ulioushona wewe kwenye meza hii, mimi nikikushikia uzi."

"Ndiyo."

"Na wewe uko hapa unakula."

"Nitamwambia Mwalimu."

"Utamwambia Mwalimu kwamba Bwana Sanga amevaa mkanda usio wake, na Bwana Sanga mwenyewe hajui? Anza na mwenye mkono."

Alisema kweli. Siwezi kumtolea mtu siri ambayo yeye mwenyewe bado hajaijua. Alhamisi nilitembea kibandani kutoka meza mpaka mlango mara nyingi kuliko ninavyotaka kuwaambia. Ijumaa asubuhi nikautoa ule mweusi kwenye droo, nikaufunga kwenye gazeti, nikaenda uwanja wa mbao.

Bwana Sanga alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao, anakunywa uji.

"Fundi. Kama ni mbao za kuezekea, leo sina."

Nikalifungua gazeti juu ya ubao.

"Nini hii, kamba ya kiatu?"

"Mkanda wako."

"Mkanda wangu huu hapa."

"Huo wangu, Bwana Sanga. Wako ni huu."

Nikamweleza yote, kopo, kutu, ndimu, wembe. Akavua saa, akaugeuza mkanda ndani nje.

"Mbona jina lipo?"

"Jina ni lako. Ngozi ya juu ndiyo yangu."

Alilisugua jina kwa kidole gumba mpaka uji ukafanya utando. "Miezi saba," alisema. "Fundi, nimemwonyesha mpaka mkwe wangu."

"Nisamehe."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa."

"Ungesema, ningekufokea, yakaisha. Sasa nikufokee nini, na mkanda mzuri?" Akaupindapinda kama anayetafuta kosa, akakosa, jambo lililomuudhi zaidi. "Umeniibia sifa, Mbena wewe. Basi. Umenyamaza miezi saba, endelea. Wewe unajua, mimi najua, inatosha."

"Haitoshi. Kesho Mwalimu Mgaya anauza mtamba wake anunue mkanda kama wako."

"Kama wangu upi? Huu wangu, au huu wangu?" Akanyooshea kidole mmoja, kisha mwingine.

"Ndiyo shida yenyewe."

"Mtamba yupi?"

"Yule wa mabaka. Ana mimba ya miezi mitano."

Sijui mnawafahamu Wakinga kiasi gani. Mkinga ukimwambia mtu anauza mtamba mwenye mimba, anaumia kama hasara ni yake. Bwana Sanga aliweka kikombe chini, akavaa saa, akachukua ufunguo wa gari. Njia nzima mpaka Yakobi alisema jambo moja tu.

"Tukifika, niache niseme mwenyewe. Usinisaidie."

Mwalimu alitukaribisha sebuleni. Mama Mgaya akaleta viti bila kutamka neno, akaenda kusimama mlangoni, mikono ameifumbata ndani ya kitenge.

"Mwalimu," Bwana Sanga alisema, "nilikudanganya."

"Lini?"

"Kila uliponiuliza habari za mkanda huu. Nilisema orijino. Si orijino."

"Ulikuwa unajua?"

"Sikujua. Nimejua leo."

"Basi hukunidanganya, ulikosea," Mwalimu alisema, akivaa miwani yake. "Aliyekuwa anajua ni nani?"

Nikainua mkono. Nina wajukuu, na niliinua mkono.

Hakunikaripia. Aliomba mikanda yote miwili, akaiweka sambamba juu ya magoti, akaitazama kama anayesahihisha madaftari ya watoto walioibiana majibu. Akataka nimweleze tofauti, nami nikamweleza, na nililomwambia yeye ndilo jibu langu kwenu. Mkanda wa kampuni kubwa si utapeli. Aliyeushona alikuwa fundi kweli, na ukikaa kwenye saa uliyokatiwa unakaa kama kope juu ya jicho. Huo ni ustadi na ustadi una bei. Lakini ngozi yake ni ngozi. Italowa jasho, itakauka, itachoka, kwa mwaka au kwa miwili, kama ngozi yoyote nzuri, na huenda ililainishwa kwa miwati iliyobanduliwa na baba zetu, ingawa hilo siwezi kuapa. Fundi mwenye mkono mzuri na kipande kizuri atakupa mkanda wa aina hiyo karibu na nyumbani kwako, tena atakuuliza unavaa sweta au huvai. Kinachobaki kwenye bei ni jina, nalo liko upande wa jasho.

"Kwa hiyo unastahili au haustahili?" Mwalimu aliuliza. Alikuwa mwalimu wa hesabu, hakupenda majibu marefu.

"Kwa mwenye uwanja wa mbao ni furaha yake, simkatazi. Kwa mwenye mtamba mmoja, hapana."

"Mimi nipo hapa, Fundi," Bwana Sanga alisema.

Mama Mgaya, ambaye hakuwa amesema neno tangu Jumatatu, akasema maneno matatu.

"Simu iko wapi?"

Mwalimu akaitoa mfukoni. Mama akatoka nayo nje, tukamsikia akimwambia mnunuzi kwamba asijisumbue kesho, mtamba haendi popote, na hapana, si habari ya bei.

Kabla hatujaondoka Mwalimu alinikabidhi saa yake kwenye leso ile ile. "Nishonee," alisema. Kisha akaugeuza tena mkanda wa Bwana Sanga, akagusa herufi za dhahabu. "Na mimi hapa utaniandikia nini?"

"Mimi siandiki kitu, Mwalimu. Sijawahi."

"Miaka yote hii?"

"Nashona tu."

"Mwanafunzi asiyeandika jina kwenye karatasi yake mimi simpi alama," alisema. "Hata akiwa amepata zote."

Tulirudi Makambako jua likiwa limepata nguvu. Karibu na mjini Bwana Sanga akavua saa akiwa anaendesha na kunitupia magotini.

"Maadamu si orijino tena," alisema, "nitobolee tundu la sweta."

Mkanda wa Mwalimu niliufanyia kazi wiki mbili, kwa mabaki ya kipande kile cha Mzee Kaduma. Kwa mchonga mihuri mmoja wa Njombe nilichongesha chuma kidogo chenye herufi mbili za jina langu na neno Makambako, nikakipasha joto la wastani, nikakigandamiza upande wa ndani. Niliinua chuma, nikazisoma herufi mara tatu. Tangu hapo sikushona mkanda bila kuuandika, na ajabu ni kwamba nilianza kufumua na kurudia kazi ambazo zamani ningeziacha zipite.

Mtamba alizaa Novemba, jike. Krismasi Mwalimu alitualika mimi na Mama Neema tumwone mgeni wake. Daktari Edina alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na bado alikuwa akinyanyuka kila mwalimu wake aliponyanyuka. Nilikaa mahali ambapo ningeweza kuuona mkono wa Mwalimu na uso wa mgeni kwa wakati mmoja, kama fundi yeyote angefanya. Mwalimu alichukua chupa kumimina chai. Mkono wa sweta ulipanda, mkanda ukajitokeza wote, rangi ya asali, mshono umenyooka, sijawahi kuushona mwingine ulionyooka hivyo.

Edina hakuutazama. Alikuwa amefumba macho, ameshika kikombe kwa mikono miwili, chai nzito ya maziwa ya mtamba yule, yenye utando juu.

"Mwalimu," alisema, "huko niliko hakuna chai ya namna hii."

Akakinyoosha kikombe aongezewe.